Namna ya Kumpokea Lakshmi: Mwongozo wa Ibada ya Usiku wa Diwali

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha husema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ibada ya Lakshmi, mungu wa kike ambaye Wahindu humtambua kuwa mwenye mali, rutuba, uzuri na heri ya nyumba, inakubaliana na usemi wa kwanza na kuukataa kabisa ule wa pili, kwa sababu huyu ni mgeni ambaye mwenyeji hufanya kila awezalo ili asiondoke. Ukiishika hoja hiyo moja, hatua za ibada yake, ambazo kwa mtazamaji wa mara ya kwanza huonekana kuwa vitendo visivyoshikana, zitajipanga zenyewe: maji ni ya kumnawisha miguu, kiti ni cha kumkalisha, taa ni ya kumwonyesha njia, na chakula ni cha mtu aliyetoka safari.

Mwongozo huu unafuata ibada hiyo ya usiku wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kama ifanywavyo na familia za wafanyabiashara wa Gujarat, magharibi mwa India. Nimeuchagua mtindo huo kwa kuwa ndani yake ibada ya nyumbani na ya dukani hukutana, na pia kwa kuwa Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat na Kutch, tangu enzi za Wabhatia, jamii ya wafanyabiashara, waliokodi forodha ya Zanzibar katika karne ya 19. Kwa hiyo anayetaka kuifanya ibada atapata hapa utaratibu wake, na aliyealikwa na jirani au mwajiri wake, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, ataelewa anachokiona.

Kumjua mgeni kabla ya kumwalika

Jina lenyewe ni la Kisanskriti na linatokana na mzizi wenye maana ya kuona na kutia alama. Lakshmi ni alama njema, dalili ya heri. Kutoka katika mzizi huohuo lilipatikana neno laksha, yaani mia elfu, ambalo kwa kupitia wafanyabiashara limetufikia sisi kama "laki". Jina lake la kale zaidi ni Shri, nalo hadi leo Wahindu huliandika kabla ya majina ya watu wanaowaheshimu na juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kisasili kinachopaswa kujulikana kabla ya vingine vyote ni kile cha bahari ya maziwa. Mwenye hekima aitwaye Durvasa, mtu mwepesi wa hasira, alimpa Indra, mfalme wa miungu, shada la maua yenye baraka. Indra, akiwa juu ya tembo wake, alilitwaa bila kujali na kumvisha mnyama huyo kichwani. Tembo akalivuta kwa mkonga, akalitupa chini. Durvasa alipoona zawadi yake imedharauliwa alitoa laana, na Shri akaziacha dunia tatu kwa pamoja. Mimea ikanyauka, sadaka zikakoma, watu wakaingiwa na tamaa, na miungu wenyewe wakapungukiwa nguvu hata maadui wao, Asura, wakawashinda.

Vishnu aliwashauri wafanye mapatano na Asura, kisha waipekeche bahari kwa pamoja ili kupata maji ya uhai. Mlima Mandara ukawa upekecho, nyoka Vasuki akawa kamba, na Vishnu mwenyewe akajigeuza kobe ili mlima upate mahali pa kuegemea usizame. Asura walishika upande wa kichwa, wakaunguzwa na pumzi ya moto ya yule nyoka. Deva, yaani miungu, walishika mkia. Kabla ya chochote chema kutoka, ilitoka sumu ambayo ingeangamiza viumbe vyote, naye Shiva akainywa na kuizuia kooni, ndiyo maana shingo yake huchorwa ya buluu. Ndipo vikafuata vitu vya thamani, miongoni mwao ng'ombe atoaye kila kitakiwacho, mwezi, mti wa maua yasiyonyauka, na Dhanvantari, tabibu wa miungu, akiwa amebeba chombo cha maji ya uhai. Lakshmi naye akatokea juu ya yungiyungi lililochanua, tembo wa mbinguni wakamwogesha kwa mitungi ya dhahabu, na mbele ya macho ya Deva na Asura waliokuwa wakimtamani akamchagua Vishnu na kumvika shada.

Angalia jinsi simulizi hilo linavyoongoza mwenendo wa waumini. Lakshmi aliondoka kwa sababu ya dharau, wala si kwa sababu ya umaskini, na alirudi baada ya kazi ndefu iliyowalazimu hata mahasimu kushirikiana. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Wahindu mtu akigusa kwa mguu kitabu, noti au mizani kwa bahati mbaya, hukigusa kitu hicho kwa mkono na kuupeleka mkono huo kwenye paji la uso kuomba radhi. Ndiyo maana pia mojawapo ya majina yake ni Chanchala, yaani asiyetulia. Visa vingine huthibitisha tabia hiyo. Katika kimoja, mwenye hekima Bhrigu anampiga Vishnu teke kifuani, mahali ambapo ndipo makao ya Lakshmi. Vishnu anamvumilia, lakini Lakshmi haoni sababu ya kuvumilia, anaondoka na kwenda Kolhapur, katika jimbo ambalo leo linaitwa Maharashtra, na hekalu lake lipo huko hadi sasa. Vishnu akimtafuta anafika vilima vya Tirumala, kusini, ambako anamwoa Padmavati kwa fedha alizokopa kwa Kubera, mtunza hazina wa miungu. Waumini wanaotia fedha katika sanduku la hekalu la Tirumala husema wanamsaidia kulipa deni hilo, na sanduku lenyewe huitwa hundi, neno ambalo Waswahili tunalo kwa maana ya karatasi ya malipo.

Lakshmi ana dada mkubwa pia, naye hasahauliki katika maandalizi. Huyo ni Alakshmi, ambaye pia huitwa Jyeshtha, mleta njaa, ugomvi na ufukara, aliyetoka baharini kabla ya mdogo wake. Hupenda vitu vichachu na vikali, uchafu na makelele. Nitamrudia tukifika mlangoni.

Kuhusu sura, picha ya kawaida humwonyesha Lakshmi akiwa na mikono minne, amevaa sari nyekundu, amesimama au ameketi juu ya yungiyungi, mikono miwili ya juu ikishika maua hayohayo na mmoja wa chini ukimwaga sarafu. Hasa Bengal, mashariki mwa India, bundi huwekwa karibu naye kama kipando chake, jambo litakalomshangaza msomaji wa pwani yetu, ambako bundi akilia juu ya paa watu hutafuta kisomo. Sura hiyo ni ya zamani sana katika sarafu za India, na ilikuwa na nguvu kiasi kwamba hata Muhammad wa Ghor, mtawala Mwislamu aliyeiteka India ya kaskazini mwishoni mwa karne ya 12, aliendelea kutoa sarafu za dhahabu zenye picha ya Lakshmi aliyeketi, pengine kwa sababu wafanyabiashara hawakuwa tayari kuamini dhahabu isiyo na alama waliyoizoea.

Kuchagua siku na saa

Diwali huangukia usiku usio na mwezi kabisa, siku moja au mbili kabla ya mwezi kuandama, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Novemba. Hata hivyo usitegemee kalenda ya ukutani peke yake, kwa sababu siku ya mwezi ya Kihindu haianzi usiku wa manane bali huanza na kuisha saa yoyote ile, na ikitanda juu ya jioni mbili, mabishano huzuka: mwaka 2024 wako waliosherehekea tarehe 31 Oktoba na wako waliosherehekea tarehe 1 Novemba. Tafuta panchanga, yaani kalenda ya kidini, iliyopigiwa hesabu kwa mji unaoishi, kwani saa za ibada hutokana na kuzama kwa jua la mahali pako, wala si la Ahmedabad kule Gujarat.

Muda unaotakiwa ni ule unaoanza jua linapozama na kuendelea kwa takriban saa mbili na dakika 24, uitwao pradosha. Wanaozingatia unajimu hupendelea ndani yake kipindi ambacho buruji ya Ng'ombe inachomoza upande wa mashariki. Sababu yao inarudi palepale tulipoanzia: buruji hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizotulia, na mgeni aliyepokelewa chini ya nyota iliyotulia hutarajiwa naye kutulia.

Si Wahindu wote wanaomwabudu Lakshmi usiku huo. Bengal, usiku wa Diwali ni wa Kali, mungu mwingine wa kike, na Lakshmi huwa ameshapokelewa wiki mbili nyuma, usiku wa mbalamwezi uitwao Kojagari, ambapo husemekana kwamba hupita akiuliza, "Nani yuko macho?" Kusini, wanawake hufunga kwa ajili yake Ijumaa iliyo kabla ya mwezi mpevu wa mwezi wa Shravana, na jimbo la Odisha, mashariki, humtengea siku za Alhamisi za mwezi wa Margashirsha, baada ya mavuno ya mpunga. Ukialikwa na familia isiyo ya Kigujarati, uliza kwanza.

Kuandaa nyumba na mlango

Usafi huanza wiki kadhaa kabla, nao ni wa kweli: kabati huvutwa, kuta hupakwa chokaa au rangi, vyombo vilivyopasuka hutupwa. Siku mbili kabla ya Diwali ni Dhanteras, siku ya 13 ya nusu ya giza, yaani tangu mwezi uanze kupungua, ambapo watu hununua dhahabu, fedha au angalau chombo kipya cha chuma cha pua, na huosha sarafu zao kwa maziwa. Kesho yake, Kali Chaudas, wanawake wengi wa Gujarat hukaanga vada za dengu, huziacha kwenye njia panda, huzizungushia maji, kisha hurudi nyumbani bila kugeuka nyuma, wakiwa wameuacha huko ugomvi wa mwaka mzima.

Jioni ya Diwali mlango ndio kazi kubwa. Tundika juu yake uzi wa majani ya mwembe na maua ya manjano ya jamii ya marigold. Sakafuni, mbele ya kizingiti, chora rangoli kwa unga wa rangi, na kutoka hapo chora nyayo ndogo kwa uji wa unga wa mchele, jozi baada ya jozi, hadi mahali pa ibada. Vidole vya nyayo hizo sharti vielekee ndani. Hilo ndilo kosa ambalo mgeni wa shughuli hii hulifanya akiwa amechuchumaa akichora kinyumenyume, na wenyeji hulicheka kwa sauti kisha hulifuta haraka, maana nyayo zinazotoka nje ni za mgeni anayeaga. Panga taa za udongo, diya, pembeni mwa njia hiyo, lakini mbali na mapazia na mbali na mahali ambapo pindo la sari litapita.

Na yule dada mkubwa? Kwa ajili yake hufungwa uzi wenye limau moja na pilipili saba, ukaning'inizwa nje ya mlango, hasa wa duka. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Alakshmi akifika hukuta chakula chake akipendacho, hula, hushiba, na huenda zake bila kuingia. Ndani kuna vitamu tu, na vitamu havimvutii. Mimi naiona hiyo kuwa adabu ya hali ya juu, kwamba hata asiyetakiwa hafukuzwi na njaa.

Vifaa

Msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa karibu kila kinachohitajika kinapatikana sokoni na kina jina ambalo bibi yake alilijua. Tafuta meza fupi ya mbao na kitambaa chekundu cha kuifunika, picha au sanamu ndogo ya Lakshmi na ya Ganesha, mtungi mdogo wa shaba, nazi isiyomenywa yenye manyoya yake juu, majani matano ya mwembe, tambuu na popoo nzima, sandali iliyosagwa kwa maji kama liwa, manjano, unga mwekundu wa kumkum, ubani au vijiti vya udi, kafuri, samli na tambi za pamba kwa ajili ya taa. Ongeza maua, na likipatikana yungiyungi, hilo ni bora kuliko yote. Mchele utakaotumika uwe mzima, usiovunjika, uliopakwa kumkum au manjano kidogo. Pia weka mbegu za giligilani na sukari guru, sarafu za mwaka huo na za zamani, na kauri chache, zile za baharini, zilizowahi kutumika kama fedha nchini India na ambazo bado hukaa katika sanduku la fedha la mfanyabiashara kama mwakilishi wa bahari alikotoka Lakshmi.

Kwa kumwogesha andaa panchamrita, mchanganyiko wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Kwa chakula, pika wali wa maziwa wenye sukari na iliki, au nunua ladu na penda. Usionje. Kinachopelekwa kwa mgeni hakianzi na mpishi.

Huenda ukauliza kwa nini ni Ganesha anayeketi kando ya Lakshmi, wala si mumewe. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, huondoa vizuizi na hutangulia katika kila ibada. Kuhusu Vishnu, waumini husema bado amelala: usingizi wake wa miezi minne haumaliziki mpaka siku ya 11 baada ya Diwali.

Ibada yenyewe

Baada ya kuoga na kuvaa nguo safi, ikiwezekana mpya, weka meza mahali ambapo utakaa ukielekea mashariki au kaskazini. Tandika kitambaa, mwaga juu yake konzi ya mchele, na juu ya mchele simamisha mtungi uliojazwa maji robo tatu. Tia ndani sarafu, popoo na ua moja, panga majani ya mwembe mdomoni ncha zikitazama nje, na uegemeze nazi juu yake. Mtungi huo, kalasha, ni makao ya uungu kwa muda wa ibada, kwa hiyo ukishausimamisha usiusogezesogeze. Washa taa kubwa ya samli, ambayo itakesha.

Chukua maji kiganjani, unywe kidogo mara tatu kujitakasa. Kisha tia maji, mchele na ua katika kiganja cha kulia na utamke nia: mahali ulipo, tarehe kwa kalenda ya Kihindu, jina lako na la ukoo wako, na jambo unalolikusudia. Waliozoea kutia nia kabla ya saumu au sala hawataona ajabu hapa. Ibada bila nia iliyotamkwa huhesabiwa kuwa shughuli tu ya mikono. Achilia maji hayo yaanguke kwenye sahani.

Anza na Ganesha kwa ufupi: kumkum, mchele, ua, kitamu. Kisha mgeukie Lakshmi na umwite. Wenye pandit, yaani kuhani wa Kihindu, humsikiliza akisoma Shri Sukta, utenzi wa kale wa Kisanskriti ulioambatishwa kwenye Rig Veda, maandiko ya kale zaidi ya Wahindu, ambao beti yake ya kwanza inauomba moto umlete Lakshmi mwenye rangi ya dhahabu, na ya pili inaongeza sifa moja muhimu: Lakshmi asiyeondoka. Asiye na pandit hurudia tu maneno "Om Shrim Mahalakshmyai Namaha" kwa kila kitendo, na hiyo inatosha.

Vitendo kamili ni kumi na sita, navyo vinafuata mpangilio ule ule ambao mwenyeji yeyote mwenye adabu angeufuata. Unamwita, unampa kiti, unamwagia maji ya miguu, ya mikono na ya kunywa. Unamwogesha kwa panchamrita kisha kwa maji safi. Ikiwa una picha tu, chovya ua na kuinyunyizia picha kidogo, au ioshe sarafu ya fedha badala yake. Unamfuta, unamvika kitambaa au uzi mwekundu, unampaka sandali na kumkum, unampa maua, unamfukizia ubani, unamwonyesha taa, unamwandikia chakula, na baada ya chakula unampa tambuu yenye popoo, kama zamani alivyokirimiwa mgeni wa heshima katika nyumba za Uswahilini. Asiye na muda au vifaa hupunguza hadi vitano: sandali, ua, ubani, taa na chakula. Hakuna anayemlaumu.

Mwishoni huja arati. Washa kafuri katika sahani ya shaba, simama, na uizungushe mbele ya Lakshmi kwa mwelekeo wa akrabu za saa huku wote wakiimba na mmoja akipiga kengele. Sahani ikipitishwa kwa watu, kila mmoja hupitisha viganja juu ya mwali na kuvipeleka usoni na kichwani.

Daftari mbele ya mungu

Kwa mfanyabiashara wa Kigujarati usiku haujaisha. Diwali ni siku ya mwisho ya mwaka wake wa Vikram, yaani hesabu ya miaka ya Kihindu. Mwaka 2082 wa hesabu hiyo ulianza Oktoba 2025. Kwa hiyo daftari jipya la hesabu, chopda, lenye jalada jekundu, huletwa mbele ya Lakshmi likiwa halijaandikwa neno. Kwa kalamu mpya au kumkum, andika juu ya ukurasa wa kwanza jina la Ganesha, kisha neno Shri mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, hadi lifanyike umbo la piramidi. Pembeni andika Shubh, yaani heri, na Labh, yaani faida. Chora sathiyo, ile alama ya msalaba wenye ncha zilizokunjwa ambayo kwa Kisanskriti huitwa svastika na maana yake ni kuwa vyema. Ilikuwa katika malango ya India maelfu ya miaka kabla ya kunajisiwa na Wanazi Ulaya katika karne iliyopita, na mgeni asishtuke akiiona. Weka juu ya ukurasa jani la tambuu, popoo na sarafu, nyunyiza mchele, na umtaje Saraswati pia, mungu wa kike wa elimu, kwa sababu hesabu ni maandishi kabla ya kuwa fedha.

Siku hizi serikali ya India huhesabu mwaka wa kodi kuanzia tarehe 1 Aprili, na hesabu zenyewe zimo ndani ya kompyuta. Hilo halikuiua desturi. Kompyuta huwekwa mezani na kuchorwa sathiyo kwenye kifuniko, na Soko la Hisa la Bombay, tangu mwaka 1957, hufunguliwa siku ya Diwali kwa kipindi kifupi cha takriban saa moja ili watu wanunue hisa za kwanza za mwaka kwa ajili ya baraka. Wengi hununua kidogo tu, wala hawauzi.

Nani anaruhusiwa kukaa mkekani

Ukialikwa, vua viatu nje, usikanyage rangoli wala nyayo, na usile nyama kabla ya kwenda. Leta vitamu au matunda. Usilete chochote cha ngozi. Si lazima uimbe wala uiname, na asiye Mhindu akikaa kimya kwa heshima huwa ametimiza wajibu wake. Chakula kilichobarikiwa, prasada, hupokelewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake. Ambaye dini yake haimruhusu kukila aseme hivyo kwa upole mapema, pembeni, badala ya kukiacha kwenye sahani.

Swali la nani anastahili kumkaribia Lakshmi lina kisasili chake, nacho husomwa na wanawake wa Odisha katika Alhamisi zao. Katika mji wa Puri alikuwepo Shriya, mwanamke mfagiaji wa tabaka la chini kabisa, ambaye alfajiri ya siku ya ibada alipaka uwanja wake samadi, akachora mayungiyungi kwa unga wa mchele na kuwasha taa, wakati nyumba za wakubwa zilikuwa bado zimelala. Lakshmi, mke wa Jagannath, ambaye ni Vishnu kwa jina aabudiwalo Puri, alipita akizunguka mji, akaingia kwake na kumbariki. Balabhadra, kaka wa Jagannath, aliyaona hayo na kumtaka mdogo wake amfukuze mkewe kwa kuwa amejinajisi. Jagannath alitii. Lakshmi hakulia, aliondoka akiwaambia kwamba hawatapata chakula wala maji mpaka watakapokipokea mkononi mwa mtu wa tabaka hilohilo. Kaka hao wawili waliomba chakula kwa miaka 12, kila mlango ukafungwa, kila tonge likapotea, hata wakafika nyumbani alimokuwa anaishi Lakshmi na kuomba kulishwa na mwenye nyumba, Mchandala, yaani mtu wa tabaka hilo la chini. Lakshmi alirudi kwa sharti kwamba katika hekalu la Jagannath watu wa matabaka yote wale pamoja, bila mmoja kumbagua mwingine. Chakula cha hekalu hilo huliwa hivyo mpaka leo.

Kufunga ibada

Ibada nyingi za Kihindu humalizika kwa kuwaaga waliokaribishwa: mchele hurushwa kidogo kuelekea kwao na wakaombwa warudi makwao na kuja tena siku nyingine. Usiku wa Diwali unapotamka maneno hayo, waage wote isipokuwa wawili. Lakshmi na Ganesha hawaagwi. Picha zao hubaki mahali pake, taa ya samli huongezwa mafuta ili ifike alfajiri, na mtu mzima mmoja alale karibu nayo kwa usalama.

Asubuhi, ambayo kwa Wagujarati ni mwaka mpya, watoto hupita mitaani kabla ya jua kuchomoza wakiuza chumvi na kuita "sabras", kwa maana ya ladha zote. Nunua kidogo, uitie jikoni kabla ya kitu kingine chochote. Kisha ushushe mtungi. Maji yake yanyunyizwe kwa majani ya mwembe katika kila chumba na kila pembe ya duka, yatakayobaki yamwagwe kwenye shina la mti. Maua yaende bustanini, yasitupwe katika pipa la taka. Nazi ivunjwe na kugawanywa, mchele upikwe, na sarafu ile iliyokuwa ndani ya mtungi ikaushwe, ifungwe katika kitambaa chekundu pamoja na popoo, na iwekwe katika sanduku la fedha hadi Diwali ijayo. Duka lenyewe libaki limefungwa mpaka siku ya tano, Labh Pancham, ndipo daftari lifunguliwe na mauzo ya kwanza yaandikwe chini ya ile piramidi ya Shri.